Telekonvata kwenye Lenzi ya Makro: Umbali na Ukuzaji katika Kupiga Picha Wadudu wa Mikorosho, Nachingwea na Ruangwa

Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, ambako pamoja na Liwale vyama vya msingi vya wakulima wa korosho viko chini ya chama kikuu cha ushirika cha RUNALI, shada la maua lililonyauka na kuwa jeusi linaweza kuwa limeharibiwa na ubwiriunga, ambao ni ukungu, au na mbu wa mikorosho, ambaye kwa hakika si mbu bali ni mdudu mfyonzaji wa jenasi ya Helopeltis. Salfa huzuia ubwiriunga lakini haimuui mdudu huyo, kwa hiyo mkulima anayepulizia salfa penye mbu hupoteza fedha na msimu kwa pamoja. Picha iliyopigwa shambani na afisa ugani, ikatumwa kwa wataalamu wa kituo cha utafiti cha Naliendele mkoani Mtwara, huweza kuondoa utata huo, mradi ionyeshe alama za utambuzi. Mada hii inahoji kama telekonvata inasaidia katika kuipata picha ya namna hiyo, na msimamo wake ni kwamba inasaidia, ila si kwa sababu inayotajwa mara nyingi.

Lenzi ya makro ni ile inayoweza kutoa taswira yenye ukubwa sawa na kitu chenyewe, yaani uwiano wa 1:1, juu ya kihisi cha kamera, ambacho katika kamera za fremu kamili kina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Telekonvata ni kifaa kifupi chenye vioo, kinachofungwa kati ya lenzi na kamera, ambacho hukuza taswira mara 1.4 au mara 2 bila kubadili umbali wa karibu kabisa ambao lenzi inaweza kufokasi. Hapo ndipo kinapotofautiana na mirija ya kurefusha, ambayo haina kioo na ambayo hukuza kwa kumlazimisha mpigapicha asogee karibu zaidi. Gharama ya telekonvata hulipwa kwa mwanga: ile ya mara 1.4 hupunguza mwanga kwa nusu, yaani stopu 1, na ile ya mara 2 huacha robo tu, yaani hupunguza stopu 2.

Mbu wa mikorosho aliyekomaa ana urefu wa takriban milimita 7, kwa hiyo katika uwiano wa 1:1 huchukua karibu sehemu moja ya tano ya upana wa fremu, na telekonvata ya mara 2 humfikisha sehemu mbili za tano. Ongezeko hilo huvutia macho, lakini sehemu yake kubwa ni ya bure. Lenzi ikifungwa hadi f/8, tundu lake halisi katika 1:1 huwa sawa na f/16, na telekonvata ya mara 2 hulifikisha f/32. Mwanga unaopita kwenye tundu dogo namna hiyo hutawanyika, ukungu wa taswira huongezeka maradufu sambamba na ukuzaji, na mdudu hubaki na maelezo yaleyale aliyokuwa nayo, yakiwa yametandazwa kwenye eneo kubwa zaidi. Kina cha ukali, yaani unene wa sehemu inayoonekana wazi, nacho hushuka kutoka takriban milimita 1 hadi nusu yake. Anayetaka mdudu aonekane mkubwa kwenye simu ya mtaalamu angepata karibu matokeo hayohayo kwa kuikata picha kabla ya kuituma.

Faida halisi ni umbali. Mbu wa mikorosho akishtuliwa huzunguka upande wa pili wa chipukizi au huruka, na lenzi ya makro ya milimita 100 inapofika 1:1 humwachia mpigapicha nafasi ya sentimita 15 hivi tu mbele ya kioo. Kwa telekonvata ya mara 2, lenzi yenyewe huhitaji kufika 1:2 pekee ili picha iwe ya 1:1, na kwa hesabu ya lenzi sahili hilo huongeza takriban sentimita 10, kwa hasara ya zaidi kidogo ya stopu 1 ya mwanga. Sentimita hizo humtosha mpigapicha kunasa alama muhimu kuliko zote, yaani kijiti chembamba chenye kirungu nchani, kilichosimama juu ya mgongo wa mdudu mithili ya pini. Humkinga pia dhidi ya chungu maji moto, ambao ni rafiki wa mkulima kwa kuwa huwala wadudu hao, lakini hawambagui mgeni anayegusa tawi lao.

Suala la vifaa kuoana halihitaji maelezo marefu. Telekonvata za Canon za mfumo wa EF zina kioo kinachochomoza mbele, hivyo haziingii kwenye lenzi ya makro ya milimita 100 ya kampuni hiyo, ilhali huingia kwenye ile ya milimita 180. Za Kenko zisizochomoza huingia kwenye lenzi nyingi. Kwa kuwa fokasi ya moja kwa moja mara nyingi husitasita, ni afadhali kufokasi kwa mkono, asubuhi kabla ya upepo kuanza kuyumbisha mashada, na kutumia flashi.

Ukuzaji kamili wa 2:1 una mahali pake, nako ni kwenye mayai. Jike huyachomeka ndani ya tishu laini ya chipukizi, na kinachobaki nje ni nyuzi mbili fupi za kupitishia hewa, ambazo jicho tupu huzipita bila kuziona. Yai halikimbii: chipukizi linaweza kukatwa, likalazwa mezani, na lenzi ikafunguliwa hadi f/4, ambapo mtawanyiko wa mwanga ni mdogo na telekonvata huongeza maelezo ya kweli, ingawa kina cha ukali hubaki robo ya milimita. Mbegu za ukungu wa ubwiriunga, zenye urefu wa makumi machache tu ya maikromita, ni kazi ya darubini.