Ngoma ya pamoja haiundwi kwa mitambo peke yake



Mwezi Aprili mwaka 2020, mwanamuziki wa Kimarekani Travis Scott alionyesha muziki wake ndani ya mchezo wa kompyuta uitwao Fortnite. Kampuni ya Epic Games, yenye mchezo huo, ilitangaza kwamba watu zaidi ya milioni 12 waliingia kwa wakati mmoja. Hapana uwanja wowote duniani uwezao kuupokea umati wa namna hiyo. Lakini katika mamilioni hayo yote, hapana aliyepewa nafasi ya kuongeza hata sauti moja katika wimbo. Umati ulikuwa mkubwa, wala haukuwa na kazi.

Hapo ndipo penye swali la leo. Je, ulimwengu huu unaobuniwa ndani ya kompyuta uwe soko jipya la muziki uliokwisha pikwa, au uwe uwanja ambamo watu huufanya muziki wao kwa pamoja? Jibu halitokani na mashine. Linatokana na jinsi shughuli yenyewe inavyopangwa.

Mfano wa njia ya pili upo. Mwaka 2003 kampuni ya Linden Lab ya Marekani ilifungua ulimwengu uitwao Second Life, ambamo kila mtu huwakilishwa na umbo alilojichagulia. Mwaka 2007 wasanii wa nchi mbalimbali waliunda humo okestra iitwayo Avatar Orchestra Metaverse. Miongoni mwa wanachama wake alikuwa Pauline Oliveros, mtunzi mashuhuri aliyefariki mwaka 2016, ambaye maisha yake yote alisisitiza kwamba kusikiliza ndiyo kazi ya kwanza ya mwanamuziki.

Okestra hiyo ilikabiliwa na adui mmoja asiyeshindwa kwa fedha wala kwa ufundi, naye ni umbali. Wapigaji wawili waliosimama mita 10 mbalimbali ukumbini husikilizana kwa kuchelewa kiasi cha sehemu 30 kati ya 1,000 za sekunde, na hapo mdundo wa kasi huanza kulegea. Kati ya London na Tokyo ni zaidi ya kilomita 9,000. Mwanga ndani ya waya wa kioo huenda kilomita zipatazo 200,000 kwa sekunde. Kwa hiyo, hata mitambo iwe bora namna gani, sauti itachelewa sehemu 45 au zaidi. Anayetaka wapigaji wa miji hiyo wagonge ngoma kwa pigo moja anashindana na maumbile.

Basi kinachopasa kubadilishwa ni mpango wa muziki. Okestra ile ilipendelea sauti ndefu zinazotandazwa polepole, ambazo haziharibiki kwa kuchelewa kidogo. Programu ya Ninjam, iliyotolewa mwaka 2005, ilifuata njia nyingine: badala ya kupigana na ucheleweshaji, iliurefusha kwa makusudi mpaka ukalingana na kipande kizima cha muziki, ili kila mpigaji awajibu wenzake kwa yale waliyopiga katika kipande kilichopita. Na iko njia ya tatu, iliyo kongwe kuliko kompyuta zote: mmoja aanzishe, wengi waitikie. Katika kiitikio, kuchelewa huwa ni pumzi tu.

Jambo la pili ni ala. Katika miaka ya mwanzo, Second Life haikuruhusu sauti moja kuzidi sekunde 10. Wasanii hawakukaa kulalamika. Walitengeneza ala za vipande vifupi, kila mwanachama akabeba yake, na sauti ikasikika kutoka pale umbo lake liliposimama. Hivyo kutembea kukawa sehemu ya kupiga muziki. Mpangaji mwenye busara humpa mgeni sauti chache zinazopatana, ili asiogope kuharibu, na humpa fundi ala pana zaidi. Asiyejua apewe pa kuanzia, asifanywe mtazamaji.

Jambo la tatu ni umilikaji. Google ilifungua ulimwengu wake uitwao Lively mwezi Julai 2008, na ilipofika mwisho wa Desemba mwaka ule ule ikaufunga. Ngoma ivumayo haidumu. Kila kilichojengwa humo kilikwenda na mwenye nyumba. Kwa hiyo, hapana budi kikundi kihifadhi nje ya ulimwengu huo sauti zake, maelezo ya ala zake na kanuni zake za kupiga, ili mlango ukifungwa, ngoma ihamie uwanja mwingine.

Ndugu wasanii, mitambo inaweza kuwakusanya watu milioni 12 na kuwaacha kimya. Wapangaji wenye nia wanaweza kuwakusanya 12 tu, na kila mmoja akatoka akijua kwamba bila sauti yake wimbo ule usingekamilika. Kazi hiyo ya pili ndiyo istahiliyo kuitwa muziki wa ushirika.