Kilwa Ipi?

Hotuba ya mjumbe wa kamati ya afya katika chakula cha jioni cha kuchangia maendeleo, Dar es Salaam



Nimepewa dakika kumi na nimeambiwa nizungumzie boti. Nitafika kwenye boti. Ila nianze na magodoro, maana wengine wenu mliyachangia na hamkuwahi kuelezwa yaliyoyapata.

Mwaka juzi tulinunua magodoro 12 kwa ajili ya wodi ya wazazi kule Kivinje. Niliyafunga mwenyewe, nikaandika kwa kalamu nene: KILWA, HOSPITALI. Kijana wa basi akaniuliza, "Mama, Kilwa ipi?" Nikamjibu kwa ukali kidogo, "Kilwa ni Kilwa, mwanangu." Basi magodoro yakapita Nangurukuru bila kushuka, yakaenda kulala Masoko siku nne kwenye banda linalovuja. Kijana aliuliza swali la maana, mimi ndiye niliyekosa adabu.

Tangu siku ile nimekuwa nikilihesabu jina letu. Hapa Dar es Salaam ukisema "niko Kilwa", mtu atadhani unamaanisha Barabara ya Kilwa, na atakuuliza kama uko Sabasaba, Mtoni au Mbagala. Wajukuu zangu waliozaliwa Mbagala wanaona Kilwa ni kituo cha daladala. Siwalaumu. Barabara iliitwa kwa mahali inakoelekea, na wengi wanaoipita hawafiki mwisho wake.

Jina lilianzia kisiwani. Ibn Battuta alifika pale mwaka 1331 akaukuta mji mkubwa wa sultani. Wareno walioingia kwa nguvu mwaka 1505 waliandika Quiloa, na kwa tahajia hiyo jina likafika hadi Uingereza, ambako mshairi Milton alilitia katika utenzi wake wa Paradise Lost mwaka 1667. Hakuwahi kukanyaga pwani yetu. Jina lilitangulia, watu wakabaki nyumbani.

Baadaye mji wa kisiwani ulipodhoofika, biashara ikahamia bara, penye mivinje. Karne ya 19 misafara kutoka Ziwa Nyasa ilikuwa ikishuka Kivinje na pembe za ndovu na, tusifiche, na watu waliofungwa minyororo. Waliohamia hawakutaka kuacha jina, na wa kisiwani nao hawakutaka kulitoa. Ndipo ikabidi kila mmoja aongeze neno la pili: Kilwa Kisiwani, Kilwa Kivinje. Masoko ikaja kuwa makao ya wilaya, nayo ikabeba jina hilohilo. Wilaya nzima nayo ikaitwa Kilwa, kwa hiyo mtu wa Nandete, kule milimani kwa Wamatumbi ambako vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905, anaandika Kilwa kwenye fomu zake ingawa bahari haioni. Na wa Songosongo, ambako gesi yake inawasha taa za ukumbi huu, naye ni Kilwa.

Vitu pia vimelichukua. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu chache ufukweni kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yao. Tano kati yake zilikuwa za kwetu. Sarafu hizo za shaba zina jina la sultani na maneno ya kumtegemea Mungu, yaliyotungwa kwa vina. Jina la mji halimo, lakini dunia nzima inaziita sarafu za Kilwa.

Kuna nyingine iliyonichekesha. Wataalamu wa miamba waliotoboa ardhi ya kwetu wameipa miamba hiyo jina la Kundi la Kilwa, na matabaka yake wakayaita Nangurukuru, Kivinje, Masoko na Pande. Mnaona? Hata chini ya ardhi tumepangwa kwa vijiji. Tofauti ni kwamba kule tabaka moja limekaa juu ya jingine bila mabishano.

Iko Kilwa nyingine Kongo, kwenye ufuo wa Ziwa Mweru, na kisiwa kiitwacho Kilwa humohumo ziwani upande wa Zambia. Ukienda kaskazini-magharibi ya Saudi Arabia utaikuta Kilwa nyingine jangwani, yenye michoro ya kale kwenye mawe. Kufanana jina si kuwa ndugu, sikusudii kuwapelekea kadi za mchango.

Sasa boti.

Kwenye mkutano wetu uliopita mliniambia, na baadhi yenu mlisimama kabisa, kwamba boti ya wagonjwa ni jambo la Kisiwani, basi watu wa Kisiwani wachange. Wa Masoko wakasema wao wana barabara. Wa Kivinje, kwetu mimi, wakasema wao wana hospitali, wanataka paa. Nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa sina majibu na nilikuwa na hasira.

Leo nina njia tu ya kuwaonyesha. Mama mjamzito aliyezidiwa usiku Kisiwani anabebwa hadi ufukweni. Anavuka maji kwa mashua ya tanga, kama kilomita 2, na kusi likivuma mashua haitoki. Akifika Masoko anatafutiwa gari. Gari linakata kwenda Kivinje, na huko ndiko kuna wodi yenye magodoro yale 12, ambayo mwishowe yalikauka. Mama huyo katika usiku mmoja amepita Kilwa tatu. Akikwama kwenye ya kwanza, paa la ya tatu litamsaidia nini?

Tunaomba boti moja ya faiba yenye injini, machela mbili, makoti ya kuokolea, na mafuta ya mwaka mmoja. Nahodha atakuwa mtu wa Kisiwani, itafungwa gatini Masoko wakati wa matengenezo, na daftari lake la safari litakaguliwa na kamati yenye wajumbe wa pande zote tatu. Paa la Kivinje lipo kwenye orodha ya mwakani, nimeliandika kwa mkono wangu.

Kadi za ahadi ziko kwa mweka hazina, meza ya karibu na mlango. Safari hii kwenye mstari wa "unatoka wapi" tumeacha nafasi ya kutosha kuandika Kilwa pamoja na jina la pili, na pale kwenye "mchango uende wapi" tumeshawachapia: Gatini, Kilwa Kisiwani. Yangu nimeshaijaza.