Tujifunze Darubini Kabla ya Jioni ya Tarehe 29



Ndugu zangu vijana wa Migori na Homa Bay, na wazazi wetu mliohudhuria: si mnaijua jioni ya kungoja Idi? Simu zinalia, huyu anasema mwezi umeonekana, yule anakataa. Nyumba moja yapika pilau, jirani yake yanuia kufunga. Na sisi watu wa ziwani kazi yetu ni kuuliza Mombasa. Kwani macho hatuna?

Niwasimulie kosa langu. Mwaka mmoja nilipiga kelele, "Ule pale!" Watoto wakaanza takbira. Mzee mmoja akaniuliza polepole, "Ncha zake zaelekea wapi, mwanangu?" Nikatazama tena. Kumbe ni kipande cha wingu. Niliona haya mpaka leo.

Kuona mwezi ni kutoa ushahidi, na ushahidi wataka ujuzi. Baada ya kukutana na jua, mwezi huachana nalo kwa digrii 12 hivi kwa siku, yaani kama nusu digrii kwa saa. Usipofika digrii 7 hivi, hilali haionekani kwa macho. Kumbukeni tarehe 15 Januari 2010, mwezi ulipolifunika jua hapa Kenya, likabaki kama pete. Magharibi ya siku ile ulikuwa umeachana na jua kwa saa zisizofika 9. Mtu angesema ameuona, mngemwamini?

Basi tufanyeje? Darubini ya macho mawili iliyoandikwa 7x50 au 10x50 yatosha kuanzia. Iegemezeni ukutani isitikisike. Na tahadhari: msiielekeze magharibi mpaka jua lizame lote, manake yaweza kupofusha jicho kwa mara moja.

Msingoje tarehe 29. Anzeni na mwezi wa siku ya nne, muone mashimo yake pale mwanga unapokutana na giza. Mwezi unaofuata jaribuni siku ya pili. Itambueni Zuhura, isije ikawadanganya. Andikeni kwenye daftari saa, mahali na upande.

Muhuru Bay jua huzama ziwani, upeo uko wazi. Homa Bay tafuteni mahali ambapo vilima havizibi magharibi. Na lile swali la mzee? Ncha za hilali huelekea mbali na jua daima. Huku kwetu karibu na ikweta, hilali mara nyingi hulala kama mtumbwi, ncha juu.

Masheikh wametofautiana kuhusu mwezi ulioonekana kwa darubini peke yake. Hilo tuwaachie wao, na kutangaza tumwachie Kadhi Mkuu. Sisi darubini ituonyeshe pa kutazama, kisha tuiweke chini, tutazame kwa macho yetu.

Na usipouona, sema hukuuona. Huo nao ni ushahidi, tena wa mtu mwaminifu.

Wabillahi tawfiq.