Juu ya Neno "Kengeuka" na Jamaa Zake



Tumeombwa kusema kidogo habari za maneno yanayotaja kuiacha njia. Yako kadha wa kadha katika Kiswahili, na sisi tunaoshika kalamu maofisini twayatumia kana kwamba yote ni neno moja. Sivyo.

Chepuka halina lawama. Mtu huchepuka njiani ampishe mwenye mzigo, kisha huendelea na safari yake. Maji nayo huchepushwa kwa faida: mwaka 2020 maji ya mto Rufiji yalichepushwa yapite handakini, mafundi wapate kujenga ukuta wa bwawa la umeme. Shuleni twasikia mchepuo wa sayansi, wala mwanafunzi haoni haya. (Vijana wameliazima neno hilo kwa mapenzi ya siri, hayo na yabaki nje ya ukumbi huu.)

Potoka ni jingine. Ubao uliopotoka haukusogea mahali pake, bali umepindika wenyewe. Kwa hiyo apotoshaye habari haiweki kando. Huipinda, nasi twaisoma hali imeharibika.

Kengeuka ndilo litupasalo kuliangalia sana, maana laingia katika barua za mashtaka. Kukengeuka ni kuiacha njia iliyokwisha kuwekwa. Basi sharti njia iwepo kwanza. Karani asiyepata kuonyeshwa agizo, tutasemaje kwamba amelikengeuka? Amwandikiaye hivyo hana budi kulionyesha agizo lenyewe na tarehe yake.

Tena zitazameni silabi za mwisho, kwa kuwa humo ndimo mshahara wa mtu huweza kupotelea. Kengeuka hutaja jambo bila kumtaja mtendaji. Kengeusha humtaka mtendaji. Kengeushwa hukiri kwamba yupo, ijapokuwa hakutajwa. Tukiandika, "Fedha za posho zimekengeuka," twazipa fedha miguu. Tukiandika, "Fedha za posho zimekengeushwa," msomaji atauliza mara moja: na nani? Mwandishi mwoga hulipenda neno la kwanza kwa sababu hiyo hiyo.

Kinyume chake kipo pia, nacho ni kibaya zaidi. Mdogo huamriwa kwa mdomo na mkubwa wake aache utaratibu, na baadaye faili lake husomeka, "Amekengeuka utaratibu." Kwa haki lilipasa kusomeka, "Alikengeushwa." Tofauti ni silabi mbili tu, lakini kwa silabi hizo mmoja hukatwa mshahara na mwingine huitwa kujieleza. Kwa hiyo mwanachama aletewapo barua ya namna hiyo aitie sahihi, aombe neno lisahihishwe kwanza, na amri ile ya mdomo aiandike siku ile ile aliyopewa.

Ndugu mmoja alituuliza kama yafaa kusema kukengeusha fikira. Yafaa kabisa. Soga za barazani hukengeusha fikira za mtu ajumlishaye hesabu, na hapo mtendaji hana haja ya kutafutwa, maana sauti yake yasikika mpaka ndani.