GARI JIPYA NA FUNDI WA ZAMANI
(Maneno aliyowaambia wanachama huko Magunga ndugu yetu wa reli)



Jiji au kaunti ikibadilisha malori yaliyochakaa, sisi hatupingi. Lori lisilo na breki humwua dereva kwanza. Lakini tukumbuke mambo ya reli. Kuanzia mwaka 1955 reli yetu ilipokea injini 34 za mvuke za daraja la 59. Kufikia 1980 zilikuwa zimeondolewa, dizeli ikashika kazi. Dizeli haihitaji mchochea moto. Kazi yake ikafa.

Basi tudai mawili mapema: fundi wa zamani afundishwe gari jipya, na gari kuukuu liuzwe kwa mnada wa hadhara, kama sheria ya ununuzi ya 2015 inavyoruhusu, si gizani.

Umoja ni nguvu.