Kelele za Kazini na Haki ya Fidia

Kajaga, nchini Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika kwenye barabara ya Gatumba, watu huenda kupumzika. Penye muziki mkubwa, mteja hukaa saa mbili akaondoka. Mhudumu hubaki na spika mpaka usiku wa manane. Akifika nyumbani, masikio bado yanavuma.

Mvumo huo usipuuzwe. Seli za sikio la ndani zikifa hazioti tena. Shirika la Afya Duniani linashauri sauti isizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Zikiongezeka desibeli 3 tu, muda salama hupungua nusu.

Nani hulipa?

Orodha ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2010 inautaja uziwi wa kelele kuwa ugonjwa wa kazi. Nchini Kenya, kanuni za 2005 zinaweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa 8. Nchini Burundi, magonjwa ya kazi ya wafanyakazi walioandikishwa hushughulikiwa na INSS, taasisi ya taifa ya hifadhi ya jamii.

Dai huhitaji ushahidi: mkataba, vyeti vya daktari na vipimo vya usikivu. Mlio wa masikioni kwa kawaida husikiwa na mgonjwa peke yake, kwa hiyo kipimo cha siku za mwanzo kazini, kikilinganishwa na cha baadaye, humsaidia sana mdai.