Mshahara wa Jaji, Mshahara wa Hakimu wa Mpanda



Kwa adabu zetu mshahara wa mtu hautajwi hadharani. Leo nitautaja, kwa kuwa mshahara wa anayekuamulia kesi unakuhusu.

Ibara ya 142 ya Katiba ya Tanzania ya 1977 inamlinda jaji. Mshahara wake hupangwa kwa sheria. Hulipwa kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina, bila kungoja wabunge waupigie kura kila mwaka. Akishateuliwa, haupunguzwi. Zimeachwa nje posho tu, na mimi naliona hilo kuwa tundu kubwa, maana anayetaka kumbana mtu hupitia penye tundu. Mwaka 2007 Bunge likatunga sheria mahususi ya maslahi na mafao ya majaji. Uingereza ililianza jambo hili mwaka 1701: mfalme alizuiwa kumfukuza jaji apendavyo, na mshahara ukawekwa bayana, asije akamtiisha kwa njaa.

Sasa tuje Katavi. Mkoa huu ulizaliwa mwaka 2012 kutoka Rukwa, na kwa miaka mingi shauri la Mahakama Kuu limefuatwa Sumbawanga. Mnayemwona ninyi wananchi wa Mpanda ni hakimu: wa mahakama ya mwanzo, wa wilaya, hakimu mkazi. Hata kesi ya nyara za serikali kutoka Hifadhi ya Katavi, ambayo ni ya uhujumu uchumi, husikilizwa na hakimu hapa Mpanda kwa hati ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Mbele yake wamesimama watu wanaojua bei ya pembe. Naye Ibara ya 142 haimtaji. Huajiriwa kupitia Tume ya Utumishi wa Mahakama, ila mshahara wake ni ngazi katika muundo wa utumishi, na ngazi hubadilishwa kwa waraka.

Wakili wa serikali hali yake ni hiyohiyo. Ibara ya 59B inampa Mkurugenzi wa Mashtaka uhuru, na mwaka 2018 Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ilitengwa na ya Mwanasheria Mkuu. Ilikuwa hatua njema, hasa tukikumbuka enzi ambazo polisi alikamata na polisi mwenzake akaendesha mashtaka. Lakini uhuru huo umekomea kwa mkubwa. Kijana anayeamua hapa Mpanda kama ushahidi unatosha hana kinga yoyote ya kikatiba juu ya mshahara wake.

Najua mtaniuliza: na mwalimu je, na muuguzi? Nao wanastahili zaidi ya wanachopata. Ila katika kesi nyingi za jinai Jamhuri ni mdaawa, na Jamhuri hiyohiyo ndiyo inayompangia hakimu mshahara. Kenya, kwa Katiba yake ya 2010, iliunda Tume ya Mishahara na Marupurupu, chombo huru chenye kazi hiyo. Sisi tunaweza kuanza na hatua ndogo zaidi: Ibara ya 142 iwataje mahakimu na mawakili wa serikali. Kutompunguzia mtu mshahara hakuigharimu Hazina hata shilingi ya nyongeza.